Kidonge Chenye Ukingo Laini

Siku ya mtu kuposwa, kila mtu nyumbani huwa na kazi isipokuwa yeye mwenyewe. Jumwa alikalishwa kitandani tangu asubuhi, leso mpya kiunoni, nyingine begani, akakatazwa hata kumenya kitunguu. Kila alipoinuka, Shangazi Mwidani, dada wa baba yake aliyemlea tangu mamake afariki, alimrudisha kwa kidole.

“Kaa! Leo wewe ni wa kutazamwa tu. Hayo matanuri yako ya chuo yatakungoja.”

“Wamefika wapi, shangazi?”

“Wako Kongowea, wamekwama nyuma ya malori ya viazi. Na huyo mjomba wake, Maxwell, keshanipigia simu kuniuliza pombe ya mnazi ikitoa povu ni dalili mbaya ama vipi. Watu wa bara hawa!”

Jumwa alicheka mpaka wanja ukataka kumharibika. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kukata tamaa kisha akaitwa arudi. Miaka miwili baba yake, Mzee Kenga, alimkataa Clifford Oduor, tena alimkataa bila kumtukana, jambo ambalo huuma zaidi. Hakuwa na ubaya na kijana. Alichokataa ni kaburi. Mamake Jumwa amelala Ganze, na kila mwaka mzee hupanda kwenda kupalilia pale alipolala. “Hao wakioa wameoa,” alikuwa akisema. “Mwanangu akifa atazikwa kwao huko Siaya. Nitamzuru kwa basi gani mimi?” Hapo mazungumzo yalikwisha, mzee akachukua Biblia yake akatoka.

Kilichomgeuza si machozi ya binti wala maneno ya mchungaji. Ni vidonge.

Wala si vidonge vya kumeza. Jumwa alikuwa mtafiti wa fizikia katika chuo kimoja hapo Mombasa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kauri: vipande vidogo vya duara, ukubwa wa kifungo cha shati, vilivyotokana na unga aliousaga, akaushindilia, akauchoma kwenye tanuri. Kauri hiyo, ambayo wenyewe huiita feroelektriki, ina tabia ya ajabu. Ukiipasha moto na kuitia umeme mkali, kisha ukaipoza umeme ungalimo, huushika mwelekeo wa umeme ule na kukaa nao hata umeme ukizimwa. Ndiyo iliyomo ndani ya kile kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito ili mtoto aonekane. Miaka yote imekuwa ikitengenezwa kwa risasi, madini yenye sumu. Jumwa na wenzake wa nchi tatu walitafuta ya kutengenezwa bila risasi.

Kazi waliigawana. Jumwa alitengeneza vidonge vya aina yake Mombasa. Msichana mmoja aitwaye Chinatsu alitengeneza vya aina yake Japani. Vyote vikapelekwa Ujerumani kupimwa, na mpimaji hakutakiwa kujua kipi ni cha nani, kwa hiyo viliandikwa namba tu. Mpimaji mwenyewe alikuwa Clifford, mtoto wa Changamwe, aliyekuwa amefanya kazi meza moja na Jumwa chuoni kabla ya kupata nafasi ya kusoma huko Ujerumani. Wakubwa wa utafiti hawakuona tatizo. Walidhani namba hazina mapenzi.

Matokeo yalipotoka, vidonge vya Mombasa vilikuwa vimeviacha vya Japani mbali sana. Jumwa akaalikwa Ujerumani auendeleze utafiti, yeye na Clifford mji mmoja. Mzee Kenga alipoelezwa habari hiyo alishinda na Biblia yake kutwa nzima. Jioni akamwita dada yake, akamwambia, “Kijana aliyemwona mwanangu kuwa bora mbele ya watu wa dunia, bila hata kuonyeshwa jina lake, huyo namkatalia nini?”

Ndiyo maana leo mnazi ulikuwa njiani kuja Mtopanga.

Wageni walipokelewa kwa vigelegele. Mjomba Maxwell, mtu mzima mwenye tumbo na suti ya kijivu, aliingia amekipakata kibuyu cha mnazi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu, maana alikuwa amekifuata Kaloleni alfajiri na njia nzima hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Kibuyu kikawekwa katikati ya mkeka. Hapo hakiguswi tena. Kwa desturi ya nyumba ile, hata mzee wa kanisa kama Kenga, ambaye hajaonja mnazi tangu aokoke, hupiga funda moja siku ya posa, na mchungaji hujifanya hakuona. Lakini kwanza binti huitwa mbele ya watu wote akaulizwa: tuunywe, au tusiunywe? Akisema unyweni, ameolewa, yaliyobaki ni sherehe. Akikataa, mnazi hurudi na waliouleta.

Wazee walipoanza kula, Jumwa aliponyoka akatoka uani, nyuma ya jiko, kupunga upepo. Haukupita muda Clifford naye akatokea.

“Kumbe watu wa bara hutoroka posa yao wenyewe?” Jumwa alimwuliza.

“Nimeomba choo. Mjomba yuko ndani anawaeleza kwamba ingekuwa kwetu angeleta ng'ombe, si kibuyu.”

“Umenenepa.”

“Viazi vya Wajerumani.”

Walikuwa wamezungumza kwenye simu usiku na mchana kwa miaka miwili, na sasa wamesimama hatua chache, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusogea. Clifford alimtazama kuanzia leso hadi macho, polepole. Jumwa alimpenda mtu huyu. Alimpenda na masikio yake makubwa, na ile tabia yake ya kuvuta shati kila anapoona haya, kama alivyokuwa akifanya sasa hivi.

“Nimekuletea kitu,” Clifford alisema. Akatoa leso ya mkononi mfukoni mwa shati, akaifungua. Ndani yake mlikuwa na kidonge kimoja cha kauri, cheupe chenye umanjano kidogo. “Kimeshapimwa, hakihitajiki tena. Nikasema kirudi kwa mamake.”

Jumwa alikipokea, akakicheka. “Ulikijuaje kuwa ni changu? Ulikwenda kuitafuta namba yake?”

“Namba ya nini? Nilikijua tangu siku ya kwanza.”

“Siku ya kwanza ipi?”

“Siku boksi lilipofika! Ama unadhani nilikaa meza moja na wewe bure? Wewe kidonge kikitoka kwenye tanuri huwezi kukiacha hivihivi. Lazima ukisugue ukingo kwa msasa, halafu upitishe kidole gumba, hivi, hivi, mpaka kisikwaruze. Vya Chinatsu vina ukingo mkali, vimekatwa na mashine. Nilifumba macho nikavitenga kwa kugusa tu. Vyako huku, vyake kule.” Alisema hayo akitabasamu, akiwa na uhakika kwamba anatoa zawadi ya pili, nzuri kuliko ya kwanza.

Na Jumwa kwanza aliipokea hivyo. Moyo ulimruka. Mtu kakaa nchi ya baridi, akafumba macho, akakijua kidole chake kati ya vidole vya dunia nzima. Ni mwanamke gani hangetaka kuambiwa vile? Lakini tabasamu halikuwahi kufika mwisho.

“Halafu?” aliuliza.

“Halafu nini?”

“Ukavipimaje?”

“Kama vyote tu.” Clifford alivuta shati. “Basi, kwa upole kidogo. Vyako nilivipandishia umeme polepole. Nikakaa navyo mpaka vikapoa, wakati mwingine nikivisemesha, wenzangu wakadhani nimepagawa. Nilikuwa na hamu nawe, Jumwa. Ningewezaje kukushtua?”

“Na vya Chinatsu?”

“Vile nilivitia kwenye mashine kama mwongozo unavyosema, nikaenda kula.”

“Vingine vilipasuka.”

“Vilipasuka kwa sababu ni dhaifu.”

“Ama kwa sababu wewe ulikwenda kula.”

Jumwa aliona kwa macho yake mtu akielewa jambo alilolitenda mwaka mzima uliopita. Si kwamba hakujua sheria. Aliijua. Alikuwa ameiweka pembeni kidogo kidogo, kila siku kidogo, na kila siku alidhani anapenda tu.

“Habari za Chinatsu unazo?” Jumwa aliuliza.

“Jumwa, tafadhali.”

“Walimfungia sehemu yake ya utafiti. Karudi kwa wazazi wake, jioni anafundisha watoto hesabu. Siku matokeo yalipotoka alijifunza kusema hongera kwa Kiswahili, akanipigia, akaisema. Shangazi akichungulia kwenye simu, Chinatsu humwamkia shikamoo, mtoto wa watu. Nikamwambia, pole, bahati yangu tu. Kumbe kweli.”

“Lakini huenda vyako ndivyo bora!”

“Huenda,” Jumwa alisema. “Ndilo neno nililobakiwa nalo. Kabla hujanifanyia hivi nilikuwa na njia ya kujua.”

Ndani, mjomba Maxwell alisema jambo na sebule nzima ikaangua kicheko. Sahani ziligongana. Harufu ya pilau ilijaa uani.

“Hakuna anayejua,” Clifford alisema kwa sauti ya chini.

“Mimi najua. Umeniambia wewe.”

“Basi sahau kwamba nimekuambia.”

“Cliff, sikia.” Alimsogelea, akamshika kiganja, na hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kugusana tangu ashuke kwenye ndege. “Tuwaandikie. Mimi na wewe, leo hii. Avipime mtu mwingine asiyetujua. Vikiwa vyangu ni bora, Mungu ashukuriwe. Vikiwa si bora, nitarudi kwenye tanuri langu nianze upya.”

“Wewe utarudi kwenye tanuri. Mimi je? Watanifukuza. Si onyo hilo, ni kufukuzwa chuo na kurudishwa. Mamangu amewatangazia kanisa zima la Changamwe kwamba mwanawe anarudi daktari wa sayansi. Na babako? Huyu aliyenikataa miaka miwili, atanipa mkono nikirudi bila kitu?”

“Mimi nitakupa. Si ni mimi ninayeulizwa? Rudi bila kitu. Rudi na nguo ulizovaa. Nitasema unyweni.”

Macho yalimjaa maji Clifford. Kwa kitambo kidogo Jumwa aliamini ameshinda.

“Tuoane kwanza,” Clifford alisema. “Tuoane, ufike kule, ushike kazi yako. Tutaandika baadaye.”

“Baadaye lini? Nikishakikalia kiti cha Chinatsu?”

“Nilifanya kwa ajili yako!”

“Hilo ndilo linaloniua. Ungefanya kwa ubaya ningejua la kufanya na wewe.”

“Jumwa!” sauti ya shangazi ilitoka jikoni. “Wee Jumwa!”

“Abee, shangazi!”

“Unaitwa sebuleni!”

Jumwa alikimbilia mlangoni. “Shangazi, haiwezekani mnazi ungoje mpaka kesho?”

Shangazi Mwidani alimwangalia kana kwamba amevaa nguo kinyumenyume. “Mnazi wa alfajiri? Kesho utakuwa siki. Utaposwa kwa siki, wewe? Nawa uso, wanja umekuchafua.” Akarudi ndani.

Jumwa alimgeukia Clifford. “Baba akiniuliza, nitakutazama. Niitikie kwa kichwa tu kwamba tunaandika wote wawili. Nitasema unyweni, na yatakayokuja tutayala pamoja.”

“Na nisipoitikia?”

Jumwa alikifunga kile kidonge kwenye pindo la leso yake, akaingia ndani.

Sebule ilikuwa imejaa watu hadi barazani. Alipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya kibuyu. Clifford alipenya akaketi karibu na mjomba wake. Mzee Kenga alikohoa. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, uso umemjaa furaha.

“Jamani,” mzee alianza, “mimi sikumtaka huyu kijana. Simfichi mtu. Nilimwogopa. Nikasema atamchukua mwanangu ampeleke mbali. Kisha nikapata habari kwamba kazi za mikono ya watu wa nchi za nje zilimwagwa mezani kwake, hazina majina, akaambiwa, chagua. Akamchagua mwanangu bila kujua ni mwanangu. Sasa mimi mzee nitasema nini? Aliyeona haki vile, hata nikifa leo, najua mwanangu hataonewa.”

Watu wakasema ndiyo, ndiyo. Shangazi Mwidani alijifuta macho kwa ncha ya leso.

“Jumwa mwanangu.”

“Abee, baba.”

“Wageni hawa unawajua?”

“Nawajua, baba.”

“Wameleta mnazi. Tuunywe, au tusiunywe?”

Jumwa aliinua macho akamtafuta Clifford. Alikuwa akimtazama tayari. Hakuinamisha uso wala hakujificha. Alimtazama wazi mbele ya watu wote, na kila alichowahi kukipenda Jumwa kwa mtu yule kilikuwamo machoni mwake, kizima. Alimwomba. Jumwa naye alimwomba. Mjomba Maxwell, asiyejua lolote, alimfinya mpwa wake bega akacheka kidogo, akidhani ni haya ya vijana.

Kisha Clifford akatikisa kichwa. Alikitikisa upande mmoja na mwingine, polepole, machozi yakimshuka.

“Msiunywe, baba,” Jumwa alisema.

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani, na sauti ya mpira ule ndiyo pekee iliyosikika nyumba nzima.

“Hukunisikia,” Mzee Kenga alisema kwa upole. “Nimeuliza—”

“Nimekusikia, baba. Usinywewe.”

“Mungu wangu,” shangazi alinong'ona. “Jumwa, una wazimu?”

Mzee aliinuka kwenye kiti chake kwa taabu. Alikuja akachutama mbele ya binti yake, mtu aliyekuwa hachutami kwa ajili ya magoti yake, akaongea kwa sauti ambayo hakutaka wageni waisikie, ingawa wote waliisikia. “Ikiwa ni kwa ajili yangu, mimi nimeshakubali. Mambo ya kaburi niliyasema kwa hofu. Nitapanda basi. Nitakwenda huko Siaya, mwanangu, mbona ni barabara tu.”

Hapo ndipo Jumwa alipolia. “Si wewe, baba.”

“Kakukosea nini basi? Sema, watu wanangoja.”

Angeweza kusema. Angemaliza yote kwa sentensi moja, na Clifford angetoka mlango ule akiwa mtu aliyemdhulumu msichana wa watu. Clifford alikuwa ameufunika uso kwa viganja. Jumwa alimwangalia mara moja tu.

“Amenipenda, baba,” alisema.

Wageni walitazamana. Mjomba Maxwell alifungua kifungo cha koti, akakifunga, akasema basi, basi, haya ni mambo ya Mungu, ingawa uso wake ulionyesha kwamba amedharauliwa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Aliinama kukichukua kibuyu. Clifford alimzuia, akakichukua mwenyewe. Wakatoka mmoja mmoja bila vigelegele, na kichochoroni watu wa Mtopanga waliokuja kutazama bibi harusi wakawapisha, wakitazama kibuyu kilichojaa kikirudi kilikotoka.

Jumwa alirudi uani. Shangazi alimfuata hadi mlangoni, akasimama, akaingia ndani kuosha vyombo vya watu waliokuwa hawajamaliza kula. Jumwa aliketi kwenye kigoda cha kukunia nazi. Alichukua simu akawaandikia wakubwa wa utafiti, Wajerumani na Wajapani, na Chinatsu pia. Aliandika kwamba vidonge vilijulikana kabla ya kupimwa, kwamba havikupimwa sawa, na kwamba nafasi aliyopewa anairudisha. Jina la Clifford hakuliandika, lakini mpimaji alikuwa mmoja tu, na hakuna mtu ambaye angehitaji kuuliza. Akautuma ujumbe kabla mkono haujamkatalia.

Kisha akafungua pindo la leso, akakitoa kidonge. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akauzunguka wote kama alivyozoea. Kilikuwa laini, hakikukwaruza popote. Akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga. Hakujua kilikuwa kizuri au la. Na mtu pekee ambaye Jumwa angetaka amwambie alikuwa anavuka daraja la Nyali wakati ule, mnazi mapajani, ukianza kuchachuka.